Aliyeamua ufe kwa kuhara damu: jikoni mwa The Oregon Trail

Kuna fulana zinazouzwa Marekani zikiwa na maandishi yasemayo, kwa Kiswahili chetu, "umekufa kwa kuhara damu". Mtu wa makamo aliyesoma shule ya msingi huko akiiona, huangua kicheko. Asiyejua hubaki ameduwaa: kuhara damu kuna kuchekesha gani?

Chanzo chake ni The Oregon Trail, mchezo wa kompyuta uliotungwa kufundishia historia. Mchezaji anaongoza familia yenye gari la kukokotwa na maksai, kutoka mji wa Independence, Missouri, kwenda Oregon, miaka ya 1840, enzi ambazo maelfu ya Wamarekani walihamia magharibi. Njiani watu wake wanaugua, maksai wanavunjika miguu, mito inafurika, chakula kinakwisha. Wengi hawafiki.

Ila ukienda kuutafuta mchezo huu ulivyochapishwa jaridani mwaka 1978, ukauchapa wote na kuucheza usiku kucha, hutakufa kwa kuhara damu hata mara moja. Utakufa kwa nimonia. Au kwa majeraha, au kwa kung'atwa na nyoka ukiwa huna dawa. Kuhara damu hakumo.

Ndiyo maana mazungumzo kuhusu mchezo huu huwa na vurugu: kila mtu anasema "ule mchezo" akimaanisha wake. The Oregon Trail ni michezo isiyopungua mitatu iliyorithishana jina, na njia nzuri ya kuitenganisha ni kuuliza swali moja: humu ndani, nani anaamua mtu afe?

Wa kwanza ulizaliwa Minneapolis mwaka 1971. Don Rawitsch, mwanafunzi wa Carleton College, alikuwa kwenye mazoezi ya ualimu, akifundisha historia darasa la nane katika shule ya Jordan Junior High. Aliyewahi kupelekwa mazoezi ya ualimu anaijua hali yenyewe: unakabidhiwa mada, darasa linakukodolea macho, na vitabu vya kiada ndivyo vilevile vilivyowachosha tangu mwanzo wa muhula. Mada yake ilikuwa uhamaji wa kwenda magharibi. Akaamua kutengeneza mchezo wa mezani: ramani kubwa ya karatasi, dadu, na karata za matukio.

Alikuwa akiishi nyumba moja na wanafunzi wenzake wawili, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, nao wakiwa mazoezini, ila wa hisabati. Waliporudi nyumbani wakakuta ramani imetandazwa sakafuni. Heinemann, aliyejua kuandika programu, aliona mara moja kwamba dadu na karata ni kazi ya kompyuta: itahesabu fedha, itatunza tarehe, itapiga bahati nasibu bila mwalimu kusimama katikati. Rawitsch alifurahi, kisha akawaambia tatizo. Mada inaanza baada ya wiki mbili.

Hapa "kompyuta" isitafsiriwe kwa macho ya leo. Shule ilikuwa na telitaipu, mashine kama taipureta nzito iliyounganishwa kwa simu na kompyuta ya HP iliyokuwa mahali pengine mjini, ikihudumia shule nyingi kwa pamoja. Haikuwa na skrini. Ulichapa swali, mashine ikatikisika na kukuchapia jibu kwenye bunda la karatasi, herufi moja moja. Heinemann na Dillenberger waliandika programu nzima katika mazingira hayo, kwa lugha ya BASIC, jioni baada ya vipindi. Tarehe 3 Desemba 1971 watoto wa Rawitsch wakacheza.

Mtu akisikia mchezo wa kuwinda usio na picha hucheka. Uwindaji ulikuwa hivi: mashine inakuamuru upige risasi, nawe unachapa neno BANG upesi uwezavyo. Kompyuta inapima sekunde. Ukiwahi, umepata nyama. Ukichelewa au ukakosea herufi, mnyama katoroka. Kwa kuwa telitaipu ilikuwa moja na darasa zima, watoto waligawana vyeo wenyewe: mmoja ashike ramani, mwingine ahesabu fedha, na mwenye vidole vyepesi akawekwa kuwa mwindaji. Naona hapo ndipo mchezo ulipofanikiwa kabla hata ya kuwa na jina kubwa. Upungufu wa mashine uliwalazimisha wakae kikundi na wabishane kama wanavyobishana watu walioko safarini kweli.

Muhula ukaisha. Rawitsch akachapisha programu yote kwenye karatasi, kisha akaifuta kwenye kompyuta. Haikuwa hasira wala uzembe. Nafasi ya kuhifadhi ilikuwa haba na kazi yake pale ilikuwa imekwisha. Kwa karibu miaka mitatu mchezo ukawa bunda la karatasi tu.

Mwaka 1973 jimbo la Minnesota lilianzisha shirika la MECC la kueneza kompyuta mashuleni, jambo ambalo majimbo mengi yalikuwa hayajaliwaza. Mwaka uliofuata Rawitsch akaajiriwa huko, na walipotafuta programu za kuwapa walimu akalikumbuka bunda lake. Akawaomba ruhusa wenzake, kisha sikukuu ya Shukrani ya Novemba 1974 akaitumia kuchapa upya mistari ipatayo 800, mmoja baada ya mwingine. Hapo ndipo mchezo wa pili ulipoanza kuzaliwa, kwa sababu hakuishia kunakili.

Katika ule wa kwanza, matukio yalipangwa kwa kukisia. Kuna uwezekano gani gari livunjike, mvua iharibu safari, mtoto apotee? Walikuwa wameweka namba zilizoonekana za kuridhisha. Sasa Rawitsch akaketi na shajara za wasafiri wenyewe, akawa anahesabu: huyu kaandika mara ngapi kuhusu hali mbaya ya hewa, mara ngapi kuhusu ugonjwa, mara ngapi kuhusu kukosa maji safi. Zile hesabu akazigeuza kuwa namba za programu. Kwa maneno mengine, safari hii anayeamua ufe ni wafu wenyewe, kupitia shajara zao.

Namba hizo tunazo, kwa sababu toleo hilo lilichapishwa lote katika jarida la Creative Computing mwaka 1978, na ndilo la kulitazama kwa karibu. Kila zamu ya mchezo ni wiki mbili za safari. Kila zamu kompyuta inachagua kibahati namba kati ya 0 na 100, kisha inaishusha kwenye ngazi iliyopangwa. Chini ya 6, gari limeharibika. Kati ya 6 na 11, maksai kaumia mguu. Zinafuata ngazi za binti kuvunjika mkono, maksai kutangatanga, mwana kupotea, maji mabaya. Ngazi ya majambazi ina upana wa pointi 3 tu. Ya moto ndani ya gari ni 2. Gari kufurikwa likivuka mto ni 10. Ukitaka kujua shajara zilikuwa zikilalamikia nini, tazama tu ngazi ipi ni pana.

Pana kuliko zote ni ile inayoanzia 69 hadi 95. Pointi 26 kati ya 100, na hiyo ni ngazi ya ugonjwa. Ila haikuangushi hivihivi. Kwanza inauliza ulichagua kula vipi zamu hii. Mwanzoni mwa zamu uliulizwa: mle vibaya, wastani, au vizuri? Kula vibaya kunagharimu vipimo 13 vya chakula, wastani 18, vizuri 23. Tofauti ni ndogo na kila mtu anashawishika kubana. Ukiwa umebana kabisa, ngazi ile inakupeleka moja kwa moja kwenye ugonjwa. Ukila vizuri, nusu ya mara inakusamehe. Hakuna mahali popote programu inapokuhubiria kwamba lishe ni kinga. Inakuacha ubane, halafu inakuzika. Hili ndilo walimu wengi wa vitabu hawakulipata: somo limo ndani ya hesabu, na maandishi ni ya kutoa habari tu.

Juu ya 95 je? Hapo wenyeji wa asili wa Amerika wanakuonyesha mahali pa kupata chakula. Rawitsch aliwakuta kwenye shajara wakisaidia wasafiri, akawapa ngazi yao. Linganisha na filamu za ng'ombe na bastola za wakati ule, utaona lilikuwa jambo la kukusudia.

Lakini kuna sehemu nyingine ya programu ambayo imenikaa kichwani. Kabla ya ngazi zile, kila zamu, kompyuta inaangalia kama utakutana na wapanda farasi. Uwezekano huo haubaki palepale, unabadilika kadiri unavyosonga. Chukua maili ulizokwishatembea, gawa kwa 100, toa 4, zidisha jibu kwa lenyewe. Matokeo hayo jumlisha na 72, na pembeni yajumlishe na 12. Gawa cha kwanza kwa cha pili, kisha toa 1. Jibu likiwa 5, maana yake ni uwezekano wa asilimia 50.

Hesabu mwenyewe. Ukiwa bado Independence, maili 0, jibu ni kama 2.1, yaani asilimia 21. Ukifika maili 400, gawa kwa 100 utoe 4, inabaki sifuri; 72 kugawa kwa 12 ni 6, toa 1, unapata 5: nusu kwa nusu. Ukikaribia mwisho, maili 2000, ni kama asilimia 2 tu. Mstari mmoja wa BASIC umechora kilima cha hatari ambacho kilele chake kiko kwenye tambarare za mto Platte. Na wapanda farasi wakitokea, programu inakuambia kama wanaonekana wabaya au wema, halafu mara moja kati ya tano inageuza ukweli kisirisiri. Sura zao zikikudanganya, huna wa kumlaumu.

Sasa, mwaka mmoja baada ya namba hizo kuchapishwa, kilitoka kitabu cha mwanahistoria John Unruh, aliyekuwa amehesabu vifo vya kweli vya njia hiyo kati ya 1840 na 1860. Wasafiri waliouawa na wenyeji wa asili: 362. Wenyeji waliouawa na wasafiri: 426. Soma tena hizo namba mbili. Na kuhusu mahali, akaona kwamba takriban tisa ya kumi ya mauaji ya wasafiri yalitokea magharibi mwa South Pass, njia ya kupenya milima ya Rocky, ambayo ndani ya mchezo iko maili 950. Kilima cha programu kiko upande usio wenyewe wa milima! Wapanda farasi wa mchezo hawakutajwa kabila, na wengine ni watu wema, kwa hiyo nisimwonee Rawitsch. Lakini shajara ni kitu cha ajabu: mtu akiingia tambarare anaandika hofu yake kila usiku, hata kama hakuna kilichomgusa. Ukihesabu hofu, utapata kilima mahali pengine na ulipo ukihesabu makaburi. Wauaji wakubwa wa kweli walikuwa kipindupindu, hasa kuanzia 1849, na ajali za kuvuka mito na bunduki zilizojifyatua.

Mchezo wa tatu ndio wa zile fulana. Mwaka 1978 MECC ilitangaza zabuni ya kompyuta ndogo kwa shule za Minnesota na Apple ikashinda, hivyo Apple II zikajaa madarasani. Mwaka 1985 timu iliyoongozwa na R. Philip Bouchard ikautunga mchezo upya kwa ajili ya mashine hizo. Nasema kuutunga, kwa sababu hawakuchukua mistari ya zamani na kuibandika picha. Karibu kila kitu kilifikiriwa upya. Uwindaji ukawa wa kulenga wanyama wanaokimbia kwenye skrini, na ukipiga nyati watatu bado unarudi na ratili 100 tu za nyama, kwa sababu mabega yako ni mawili. Mwanzoni unachagua kazi: mfanyabiashara wa benki wa Boston ana dola 1,600, seremala 800, mkulima 400. Ukifika, alama za seremala huzidishwa mara mbili na za mkulima mara tatu. Hali ya hewa ilitokana na wastani wa joto na mvua wa kila mwezi wa maeneo mbalimbali ya njia, na mvua ikinyesha sana mto ulio mbele unajaa.

Kifo nacho kikabadilika. Badala ya karata moja kukuangusha, familia nzima ina hesabu ya afya inayofichwa. Kila siku hesabu hiyo inapungua kidogo yenyewe, ambako ndiko kupona, halafu inaongezwa kwa makosa yako: baridi bila nguo za kutosha, mwendo wa kukimbizana, mgao mdogo wa chakula. Wewe unaona maneno tu, kutoka afya nzuri hadi mbaya sana. Kadiri hesabu inavyopanda ndivyo bahati nasibu ya ugonjwa inavyokunyemelea, na mtu ambaye tayari anaumwa akiangukiwa tena, ndipo anapokufa. Kipindupindu, surua, homa ya matumbo na kuhara damu ni majina yanayobandikwa mwishoni. Uamuzi ulikuwa umeshafanyika siku kadhaa nyuma, uliposema twende mbio na tule kidogo.

Ila Bouchard aliongeza kitu kimoja kidogo kilichofanya kifo kisahaulike kwa shida. Mchezo wa 1978 ulisema una familia ya watu watano na ukaishia hapo. Huu wa 1985 unakuomba majina yao matano. Mpe mtoto wa miaka kumi nafasi tano tupu, atajaza rafiki zake, dada yake, na mwalimu asiyempenda. Basi skrini ikitangaza kwamba fulani kafa kwa kuhara damu, darasa zima linalipuka. Ndipo kicheko cha fulana kilipotoka.

Na kaburi? Ukifa, mchezo unakuruhusu kuandika maneno ya jiwe la kaburi, na yanahifadhiwa kwenye disketi ileile ya mchezo. Atakayecheza baada yako akipita mahali hapo, atalikuta. Katika chumba chenye disketi chache zinazozunguka mikononi mwa watoto, hiyo ni sawa na kuandika kwenye ukuta wa choo cha shule, na waliandika vya kufanana navyo. MECC ilikuwa na utaratibu wa wilaya za elimu kulipa ada ya mwaka na kujinakilia disketi kadiri wanavyotaka. Nakala zikazaa nakala, zingine za halali, zingine za kuiba. Mojawapo ya zile za wizi ilienea mno, na ilikuwa tayari ina maiti. Watu wasiofahamiana, majimbo tofauti, walikutana na kaburi lilelile la "andy", lililoandikwa "peperony and chease" kwa tahajia hiyohiyo mbovu. Ni utani wa tangazo la piza: kulikuwa na piza iliyoitwa Tombstone, yaani jiwe la kaburi, na tangazo lake liliuliza unataka nini juu yake. Andy, mtoto asiyejulikana, alijibu kuwa anataka pepperoni na jibini, akafa, na disketi yake ikanakiliwa duniani kote.

Upande wa fedha hadithi ni fupi na haifurahishi. Shirika la jimbo likageuzwa kampuni ya biashara mwaka 1991, likaingia soko la hisa 1994, na 1996 likanunuliwa na SoftKey kwa mamia ya mamilioni ya dola. Inasemekana nakala zaidi ya milioni 65 za michezo ya jina hili zimeuzwa. Rawitsch, Heinemann na Dillenberger hawakupata mrabaha. Mwaka 1995 waliitwa kwenye hafla katika jengo la maduka la Mall of America, wakapigiwa makofi. Ukumbi wa heshima wa michezo ya video wa jumba la makumbusho la Strong uliuingiza mchezo wao 2016.

Toleo la mwaka 2021 la kampuni ya michezo ya Gameloft lilirudi kwenye lile suala la wapanda farasi. Safari hii waliitwa wanahistoria watatu wa wenyeji wa asili, William Bauer, Margaret Huettl na Katrina Phillips. Walisahihisha majina, mavazi, Kiingereza cha kuvunjavunja walichopewa wenyeji kusema, hata muziki wa filimbi na ngoma uliopigwa kila walipotokea. Wenyeji sasa wanaweza kuwa ndio mashujaa wa mchezo, wenye safari zao na shughuli zao.

Mimi lakini narudi kwa ule wa 1978. Mtu anaweza kuucheza kwenye kivinjari siku hizi, maandishi matupu. Juzi nilianza na dola 700 zangu, nikanunua risasi nyingi na chakula kingi, nikala vizuri kila zamu kama nilivyokwisha kujua, nikachapa BANG kama mtu aliyepagawa. Dawa nikanunua kidogo. Nikapita South Pass salama, theluji hakuna. Zamu ya pili baada ya hapo nikaugua, dawa zikaisha, nimonia.

Programu ikaniuliza kwa adabu kama nahitaji mchungaji. Kama nataka mazishi ya fahari. Kama iwaarifu ndugu zangu. Nikachapa NO, ikanijibu kwamba shangazi yangu wa St. Louis ana wasiwasi kweli. Nikacheza tena, nikafa tena, safari hii nikasema YES. Ikanitoza dola 4.50 za telegramu, mwaka 1847, wakati waya wa kuvuka bara ulikuja kukamilika 1861.